Punda wangu hachechemei tena. Je, nimrudishe kazini?

Shikamoo Bi. Daktari,

Mimi ni kijana wa Lamu, mchukuzi. Baba alinikabidhi punda wake wawili, jike na dume, alipoacha kazi kwa maradhi ya mgongo. Wamekua pamoja tangu wangali watoto, na hao ndio wanaotulisha nyumbani. Tunateremsha mchanga, mawe na simiti kutoka majahazini, tunawapelekea mafundi ndani ya mji kwenye vichochoro.

Yule jike aliteleza akiwa na mifuko miwili ya simiti, mguu wa mbele wa kushoto ukatumbukia mtaroni. Jioni ile mguu ulivimba upande wa nyuma, chini ya goti, na ukawa wa moto. Nilimpeleka kwa daktari wa punda. Alimkagua akasema mfupa haukuvunjika ila kano limejeruhiwa. Akamdunga sindano ya maumivu, akamfunga bendeji, akaniambia apumzike kwanza, halafu nianze kumtembeza kidogo kidogo, kisha nimrudishe amtazame tena. Sasa ni wiki ya tatu. Uvimbe umepungua sana, na tangu juzi hachechemei kabisa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenzangu wa gatini wanasema punda mzima huyo, nimpakie. Jirani anasema nisimguse, nimfunge uani miezi mitatu. Baba anataka tumchome kwa chuma cha moto kama walivyofanya wazee, ndipo kano likaze. Kuna mwenzetu aliyefanya kazi Dubai kwenye mabanda ya farasi, anasema kule farasi aliyeumia huogeleshwa, na kuna watu ambao kazi yao ni kumfanyisha mazoezi kama anavyofanyiwa mgonjwa wa kiharusi hospitalini. Ananihimiza nimuogeleshe baharini kila siku. Na kuna mtu amenifuata na bei, eti kuna wanunuzi bara.

Tena siku hizi amekuwa mpole kupita kiasi. Dume huondoka nami alfajiri hurudi magharibi, yeye hubaki peke yake, na chakula anabakisha. Nadhani ni uvivu wa kukaa bure.

Nifanye nini, na kwa muda gani? Hiyo "kidogo kidogo" ni kiasi gani?

Mchukuzi, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na baba nimpe pole kupitia kwako.

Nitaanza na jambo ulilolitaja mwisho, kwa sababu linanitia hofu kuliko mguu. Punda anayebakisha chakula si mvivu. Punda akipunguza kula, mwili wake huanza kuyayusha mafuta uliyoyaweka akiba, tena kwa kasi. Mafuta hayo hujaa kwenye damu, ini na figo zikaelemewa, na anaweza kufa ndani ya siku chache hata kama mguu unaendelea kupona. Farasi wakubwa hupatwa na hali hiyo kwa nadra. Punda hupatwa upesi, hasa jike, hasa mnene, na hasa akiwa na mashaka. Huyu wako ameumia, amekatizwa kazi aliyoizoea, na kutwa nzima hamwoni mwenzake aliyekua naye. Punda waliozoeana namna hiyo hawatenganishwi bila kuathirika.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma haya, nenda ukamtazame. Anakunywa maji? Anakunya kama kawaida? Masikio yameinuka au yamelala? Kama tangu jana hajala chakula chake sawasawa, mpeleke kliniki leo hii. Kliniki ya punda ya shirika la hisani la Donkey Sanctuary imekuwapo Lamu tangu 1987 na matibabu yake ni bure, basi gharama isikuzuie. Kama anakula ingawa kwa kusuasua, mrudishie mwenzake. Fanya kazi na dume asubuhi tu, arudi nyumbani adhuhuri, au azima punda wa jirani anayeelewana naye akae naye. Dume pia asibebeshwe mizigo ya wawili, maana utajikuta na wagonjwa wawili. Pumba na mahindi uliyokuwa ukimpa kwa ajili ya kazi nzito yapunguze taratibu, nyasi kavu ziwe ndio chakula chake kikuu. Lakini kumnyima chakula ili apungue, hilo usilifanye kabisa.

Sasa mguu. Wenzako wa gatini wananitisha, kwa sababu siku punda anapoacha kuchechemea ndiyo siku ambayo wengi huvunjwa upya. Kuchechemea ni habari ya maumivu. Hakukuelezi lolote kuhusu nguvu ya kano. Tena punda ni mnyama wa kuficha maumivu: farasi angelalamika mapema, punda husimama kimya mpaka azidiwe.

Kano zima limepangwa kama kamba ya kumbi iliyosokotwa vizuri, nyuzi zote zimelala upande mmoja, ndiyo maana linahimili mvuto mkubwa. Linapochanika, siku za kwanza ni za uvimbe na damu. Baada ya hapo mwili huleta nyuzi mpya kuziba pengo, lakini huzileta zimevurugika, hii huku na hii kule, nazo ni dhaifu. Hapo ndipo ulipo wewe katika wiki ya tatu. Maumivu yametulia, pengo limezibwa kwa nyuzi changa zisizo na mpango. Umpandishie mifuko miwili ya simiti leo, zitakatika, na kidonda cha pili huwa kibaya kuliko cha kwanza. Kuzipanga nyuzi hizo na kuzikomaza ni kazi ya miezi. Kwa kano lililojeruhiwa vya kutosha kuvimba na kuwa la moto, mimi huhesabu miezi tisa hadi mwaka mzima kabla ya mzigo kamili. Najua maneno hayo ni mazito kwa nyumba inayokula kwa migongo ya punda wawili. Nayasema hivyo hivyo kwa sababu anayekuahidi mwezi mmoja anakupotezea punda.

Jirani naye anakosea kwa upande wa pili. Nyuzi changa hujipanga kwa kuvutwa, na mvuto mdogo unaorudiwa kila siku ndio unaozionyesha pa kulala. Punda akifungwa uani miezi mitatu, kano hupona likiwa fundo gumu, hugandana na vilivyo jirani yake, viungo hukakamaa, misuli ya bega hunywea. Siku ya kufunguliwa hukimbia kwa furaha, na kano hukatika.

Ndiyo maana daktari wako alikuambia umtembeze kidogo kidogo, na hapo ndipo kwenye tiba yenyewe. Kwa kuwa ameshapumzika wiki hizi, na kama daktari akimtazama tena ataridhika, anza na dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni. Mshike kamba mwenyewe, atembee hatua za kawaida, bila mzigo na bila mtu mgongoni. Kila wiki ambayo mguu umetulia, ongeza dakika 5 kwa kila safari. Ukifika dakika 40, baki hapo mpaka mwezi wa nne. Usimwachie huru kwenye uwanja mkubwa, na usimruhusu kukimbia wala kugeuka kwa ghafla.

Mahali pa kutembelea pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ule mchanga mkavu wa vilima vya Shela ni laini kwetu, lakini kwa kano lake ni adui: kwato huzama, na kano huvutwa kupita kiasi kila anapojinasua. Unachotaka ni ardhi ngumu iliyo sawa. Maji yakipwa, ule mchanga wa pwani uliolowa na kushikana unafaa sana. Saa ya kupwa husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo safari zako zifuate maji badala ya kufuata saa ya ukutani. Siku maji yakiwa juu, tumia barabara ya ukingoni, mapema kabla ya msongamano.

Utajuaje kwamba umezidisha? Kwa mkono wako. Kila asubuhi kabla hajatoka, weka mgongo wa kiganja nyuma ya mguu wa kushoto, chini ya goti, kisha wa kulia, ulinganishe joto. Halafu inua mguu, goti likunjwe, kano lilegee, ulishike baina ya kidole gumba na cha shahada, ubonyeze polepole kutoka juu hadi chini. Tafuta mahali palipojaa, palipo laini kuliko pengine, au pale anapokuvuta mguu. Fanya hivyohivyo kwenye mguu wa kulia, ulio mzima, ili mkono wako ujue uzima ulivyo. Baada ya wiki mbili utakuwa unahisi mabadiliko ambayo hata mimi nikija kwa siku moja sitayaona. Ukikuta joto jipya au uvimbe mpya, rudi nyuma: siku mbili tatu za kupumzika, kisha anza tena kwa dakika za wiki iliyopita. Isipotulia, kliniki.

Mara moja kwa wiki mwombe mtu amwongoze kwenye sakafu ngumu, kamba ikiwa imelegea, nawe utazame kichwa. Punda mwenye maumivu kwenye mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, na hukishusha unapokanyaga ule mzima. Hata mnyanyuko mdogo usiupuuze.

Sasa bahari. Mwenzenu wa Dubai hakudanganya. Tiba ya viungo kwa wanyama ni taaluma kamili. Huko Uingereza wataalamu wa viungo waliohamia kwa wanyama wana chama chao, na sheria inawataka wafanye kazi kwa idhini ya daktari wa mifugo. Farasi, mbwa na paka waliofanyiwa upasuaji hutembezwa kwenye mashine zilizojazwa maji. Sababu yake ni kwamba maji humpunguzia mnyama uzito. Kwa mbwa imepimwa: maji yakimfika kwenye nyonga, miguu inabeba takriban asilimia 38 tu ya uzito wake. Na bahari yenyewe ina historia. Farasi Red Rum alifika kwa mkufunzi wake Ginger McCain mwaka 1972 akiwa na ugonjwa wa mfupa wa ndani ya kwato. Alifanyizwa mazoezi kwenye ufuo wa Southport, Uingereza, akitembezwa ndani ya maji ya bahari. Akashinda mbio ngumu za Grand National mara tatu, 1973, 1974 na 1977.

Lakini usichukue habari hiyo nzima nzima. Bahari ya Southport ni baridi, na ubaridi ule ulikuwa sehemu ya tiba. Bahari yetu ina joto, haiwezi kufanya kazi ya barafu. Ukitaka kupoza mguu baada ya matembezi, tafuta barafu iliyopondwa kwa wauza samaki, uifunge kwenye kitambaa kilicholowa, uiweke juu ya kano kwa dakika 15 hadi 20, bila barafu kugusa ngozi. Maji ya bahari yetu yana faida mbili nyingine: yanaukandamiza mguu pande zote, uvimbe ukapungua, na yanampa kazi misuli bila kulielemea kano.

Kuogelea mwache kwanza. Punda akiogelea hunyanyua kichwa, hukaza mgongo na hupiga miguu kwa woga, na hatari kubwa iko pale anapoingia na kutoka, juu ya mawe yenye utelezi. Mtembeze tu. Chagua mahali penye mchanga na mteremko mdogo, siku bahari imetulia. Wiki za kwanza maji yaishie kwenye vifundo vya miguu kwa dakika chache, na dakika hizo zihesabiwe ndani ya zile 10. Baada ya mwezi wa pili, daktari akikubali, nenda mpaka magotini, lakini ujue kwamba maji ya magotini ni kazi ngumu, kwa sababu hulazimika kunyanyua miguu juu, basi punguza muda. Mwenzake dume akitangulia, ataingia bila kusukumwa. Mkitoka, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi, umkaushe vizuri. Bendeji juu ya mguu uliolowa chumvi itamtoa vidonda.

Bendeji yenyewe ifungwe juu ya pamba nene, kwa mkazo ulio sawa kutoka juu hadi chini, ifunguliwe kila siku, na mguu wa kulia nao ufungwe kwa sababu ndio unaobeba zaidi. Wapo wanaofunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mpira hukata damu, usiutumie.

Kuna kazi nyingine utakayoifanya kwa mikono yako, nayo naipenda kwa sababu haigharimu kitu na punda huifurahia. Akiumia mbele kushoto, hujibeba kwa bega la kulia, shingo na mgongo, na sehemu hizo hukaza. Mkande hapo kila jioni kwa viganja vizima, kuanzia shingoni hadi begani na kando ya uti wa mgongo, taratibu, ukimtazama uso. Akilegeza mdomo wa chini na kupumua kwa nguvu, umepata mahali. Mafuta ya nazi au ya simsim yanasaidia mikono kuteleza, ila yasikudanganye kwamba yanapenya hadi kwenye kano. Kwenye kano lenyewe usikande likiwa bado na joto.

Halafu chukua ganda la embe. Mpeleke kwa pua hadi kifuani, kisha kwenye bega, kisha kuelekea kiunoni, kushoto na kulia, mara tatu tatu, akae hapo kitambo kabla hujampa. Miguu isisogee, shingo na mgongo ndivyo vifanye kazi. Zoezi hili hujenga misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo, ambayo punda wa mizigo huihitaji kuliko mnyama yeyote. Kuanzia mwezi wa tatu, ukiruhusiwa, laza boriti nne au tano chini, kila moja umbali wa hatua yake, apite polepole. Atajifunza upya kuangalia anapokanyaga.

Mwite pia anayekata kwato. Ncha ya kwato ikirefuka, kano la nyuma huvutwa kila hatua, na jitihada zote hizi zinapotea. Kila wiki sita hadi kumi zinatosha. Na usimpe vidonge vya maumivu vya dukani. Vitakuficha maumivu ambayo wewe na mimi tunayategemea kama kipimo, na dozi ya binadamu si yake.

Kuhusu baba. Usibishane naye mbele za watu. Kaa naye, mwambie kwamba wazee hawakuwa wajinga: punda aliyechomwa alikuwa hawezi kufanya kazi kwa miezi, na ile miezi ndiyo iliyomponya. Hata Uingereza walichoma farasi kwa karne nyingi, mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol walipolichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1983: chuma hakikuliponya kano, kiliongeza jeraha tu. Mwombe akupe miezi bila moto. Na kama mgongo wake unamruhusu, mpe yeye kazi ya kupima joto la mguu kila asubuhi. Mikono yake inamjua punda huyu kuliko yako.

Yule mwenye bei, mwambie hapana. Wanunuzi wa namna hiyo mara nyingi hutafuta ngozi, inayochemshwa kutengeneza dawa ya ejiao huko China, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliazimia kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Mtakula nini wakati huu? Zungumza na wachukuzi wenzako: mwenye punda wa ziada akuazime kwa mgawo wa siku, nawe utakuja kumlipa kwa jike wako mwakani. Na si lazima jike akae bure muda wote. Katika mwezi wa tano, kliniki wakimpasisha, avishwe shogi (tandiko la kubebea mizigo) tupu. Akizoea, kilo 10 za mboga au mkate kwa safari fupi, kisha uongeze taratibu mwezi hadi mwezi. Hiyo pia ni mazoezi, na inaingiza chochote.

Na atakapokuwa mzima, habari ya mifuko miwili iishe. Mfuko wa simiti ni kilo 50, miwili ni kilo 100, na punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Mzigo wake mkubwa uwe thuluthi ya uzito wake, yaani mfuko mmoja, na usawazishwe pande zote mbili za shogi kwa kuugawa kwenye vikapu. Kabla ya mfuko huo wa kwanza, mrudishe kliniki walipime kano kwa mara ya mwisho. Wakisema bado, ni bado.